Tangi Lisilo na Samaki

Jumatatu, 3 Juni. Asubuhi ya mawingu, upepo kidogo.
Nimerudi kutoka saluni nikapima maji ya tangi hata kabla ya kuvua viatu, vidole bado vyeusi kwa rangi za nywele za wateja. Nimefuata maelekezo neno kwa neno: maji hadi mstari wa kichupa, matone manane ya dawa, ziba, tikisa, subiri dakika tano. Kijani tena! Kijani maana yake amonia, na amonia ni sumu. Muuza samaki amekataa kuniuzia mpaka yatoke njano. Anasema yeye hauzi maiti.

Na binti yangu anakuja Jumamosi. Anaishi kwa baba yake na mke mpya, ninayemwita Bi Bwawa kwa sababu ya bwawa la kuogelea uani kwao. Mimi sina ua. Nina tangi, maji ya chumvi, mawe ya matumbawe, na ahadi ya samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe.

Jumanne, 4 Juni. Jua.
Wazo! Nimeweka taa ya njano sebuleni. Chini yake maji yametoka njano safi. Nikampigia muuza samaki. Akauliza kuta zangu zina rangi gani. Nyeupe, nikasema. Akauliza na sasa hivi nazionaje. Nikakata simu.

Jumatano, 5 Juni. Jua kali.
Nimempelekea maji ya bomba niliyotia chumvi ya jikoni. Akapima, akatangaza mbele ya wateja kwamba hayana amonia hata chembe na yanafaa sana kuchemshia viazi. Sirudi pale maishani.

Jioni binti alipiga simu kuuliza kama samaki wamefika. Nikasema wako njiani. Nyuma yake nilisikia maji yakirushwa na watu wakicheka. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Ijumaa, 7 Juni. Mvua.
Wateja wa rangi mfululizo, saluni ikanuka hadi tukatoa machozi. Nimepima. Kijani kuliko siku zote! Nimeyalaumu mawe.

Jumamosi, 8 Juni. Manyunyu, kisha jua.
Amekuja. Amerefuka. Amesukwa na mtu mwingine, tena njia zimepinda. Sikusema kitu. Nilisema mara mbili tu.

Alikuwa na haki ya kununa, hakununa. Aliomba nipime aone. Nilipoziba kichupa kwa kidole gumba nikaanza kutikisa, akanishika mkono.

“Mama, hicho kidole si kina rangi ya nywele?”

Kina. Na rangi ya nywele ina amonia. Imeandikwa kwenye boksi ninalofungua kila siku. Wiki nzima nimekuwa nikipima kidole changu.

Akakiosha kichupa, akakiziba kwa kifuniko chake, tukasubiri, bega lake limeegemea langu. Walioandika maelekezo wangeandika tusubiri saa nzima, wangepungukiwa nini? Njano.

Baba yake akapiga honi.

“Anza na wawili tu, Mama, maji bado machanga. Wakifika Jumamosi wazima, nakuja kulala.”

Jumapili, 9 Juni. Jua.
Nimepiga hesabu. Samaki wawili, usiku mmoja. Samaki sita, usiku tatu, na shule nitampeleka mwenyewe! Nimerudi kwa muuza samaki. Akapima maji yangu halisi, akanipa wawili, akasema wanatosha, maana kinyesi chao na mabaki ya chakula ndivyo vinavyozaa amonia. Wanne wengine nimemtuma mteja wangu mmoja akaninunulie. Nimewalisha mpaka wakasusa.

Jumanne, 11 Juni. Mawingu.
Samaki wanahema juu juu, midomo usoni pa maji. Nimenawa kwa sabuni, nikavaa glavu mpya, nikaziba kwa kifuniko. Kijani! Bila shaka hizi glavu zina kitu. Nimezitupa. Nimewaongezea chakula wapate nguvu, kisha nimetandika kitanda cha binti yangu, nikakipapasa kidogo. Sasa nalala, saa saba kasoro robo usiku.