Kanali Aliyejificha Ndani ya Kompyuta ya Parachichi

Jumatatu, 3 Februari

Iandikwe na ieleweke: bila mimi, Ambindwile, Wazungu wangekula mkate mkavu. Mimi ndiye Mkuu wa Mitambo wa kituo chetu cha kukusanyia parachichi hapa Kisondela. Wabaya wangu husema mimi ni mshika ufunguo tu. Ufunguo ninao, sikatai. Lakini kompyuta ya mizani ina majina mawili tu ya kuingilia. La kwanza ni "mizani", analotumia karani wetu Jenifer. La pili ni "ambindwile". Mwenyekiti mwenyewe hana!

Leo imeganda tena. Wiki ya tatu hii. Kila siku saa tisa Jenifer huenda kunywa chai, nami hukaa pale dakika ishirini, kwa jina langu, kwa ajili ya utafiti. Akirudi, namba za mizani zimesimama. Foleni ya wakulima mpaka kwenye migomba, maparachichi juani yanaanza kulegea.

Mwenyekiti, Mama Esnath, akaniuliza Mkuu wa Mitambo anasemaje. Nikasema ni upepo wa mlimani. Niliwahi kuuona zamani, nikaponya winchi nzima kwa kuikemea tu. Prosper, yule fundi simu wa Kiwira anayejifanya kupitapita hapa, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mjomba, hata mashine imekuchoka.

Uamuzi wa Mama Esnath: lori la mnunuzi linakuja Jumamosi. Kama hadi siku hiyo ugonjwa haujajulikana, ufunguo anapewa Prosper. Ufunguo wangu! Nimeufunga kwenye mkanda wa suruali.

Jumanne, 4 Februari

Nina mpango. Ikupa, mke wa mwanangu Obed, amesomea kompyuta Mbeya, na sasa yuko kwetu na mtoto mchanga. Lakini mila ni mila: mkwe hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, wala halitamki jina lake. Wengi wameacha. Mimi sijaacha, na wiki hii ndiyo kabisa, maana sitaki mtu aone nafundishwa na mkwe.

Basi Ikupa jikoni, mimi sebuleni, mke wangu Winfrida katikati anabeba maneno. Obed akasema baba, simu zipo. Nikamwambia simu nayo ni chumba.

Ujumbe wa kwanza kutoka jikoni: ili kujua kinachoigandisha, lazima tumfuatilie Kanali. Nikashtuka. Kanali gani? Winfrida akarudi jikoni, akaja na jibu: yuko ndani ya kompyuta, kila kitu kinapita kwake, anajua nani kafungua nini na saa ngapi.

Jeshi hilo! Nikaenda kijiweni kutangaza kwamba nimekabidhiwa kazi ya kumchunguza Kanali. Wawili wakahama benchi. Heshima tupu.

Nimerudi, Winfrida anasema samahani Baba Obed, alisikia vibaya. Siyo Kanali, ni kerneli, kiini cha Linux, yaani mfumo unaoendesha ile kompyuta. Amechelewa. Heshima nimeshaipokea, siirudishi.

Jumatano, 5 Februari

Leo nilikuwa ofisini, Winfrida akanipigia huku Ikupa amekaa pembeni yake. Vinatakiwa vitu viwili: chombo cha kufuatilia kerneli, na kifurushi cha dibagi, yaani cha kusakia hitilafu. Chombo bila kifurushi kinaona namba tupu. Kifurushi ndicho kinachojua kila kitu mle ndani kinaitwaje. Na lazima kifurushi kilingane na kerneli mpaka tarakimu ya mwisho.

Ili kupata namba ya kerneli, Winfrida akasema niandike "una neema". Nikaandika. Kompyuta ikajibu kwa Kiingereza kwamba kitu hicho haikijui. Nikaandika kwa herufi kubwa. Haikijui. Nikafoka kwamba mkwe wake ameniletea ulokole kazini. Nusu saa nzima! Kumbe ni "uname", halafu kistari na r. Ikatoka: 6.8.0-51.

Ikupa akasisitiza: hamsini na moja, siyo nyingine yoyote. Winfrida akanirudishia mara tatu, kana kwamba mimi ni mtoto.

Nikapanda bodaboda hadi Tukuyu mjini kupakua vyote viwili kwenye mtandao wenye nguvu, mvua yote ya Rungwe ikinishukia mimi. Kifurushi cha 51 nikakiona. Chini yake nikakiona cha 52. Sasa mtu mwenye akili achukue cha zamani wakati kipya kipo? Nilipokuwa utingo wa lori, bushi ya gurudumu ikizidi kidogo tulikuwa tunaigonga kwa nyundo, inaingia. Nimechukua cha 52.

Jumapili nitaandikiwa barua ya pongezi.

Alhamisi, 6 Februari

Imekataa. Na hakuna mahali pa kugonga. Jenifer akaniuliza nyundo ya nini. Nikasema napima uzito wake.

Kutoka jikoni: kerneli ya 51 na kifurushi cha 52 havijuani. Ni kama kushika ramani ya Kinyala halafu unatafuta nyumba Kiwira. Nirudi mjini nikachukue 51.

Mimi? Kwenye ile mvua? Nikapata akili kubwa zaidi. Kama kifurushi ni 52, si kerneli ndiyo ibadilike! Kompyuta yenyewe imekuwa ikiomba ruhusa ya kujisasisha tangu wiki iliyopita. Nikairuhusu. Nikaizima, nikaiwasha. Uname.

53!

Ee mwe! Nilimwacha Kanali 51, nikamngojea 52, yeye kahamia 53. Huu ni mkono wa Prosper. Jana alionekana dukani hapo jirani ananunua vocha. Nikampelekea Mama Esnath ushahidi huo. Akaniuliza Prosper aliingiaje, wakati ufunguo uko kiunoni kwangu. Swali la ajabu.

Saa tisa nikafanya utafiti. Jenifer akarudi. Imeganda.

Ijumaa, 7 Februari

Winfrida anasema Ikupa amechoka na safari za jikoni na sebuleni. Ameshapakua kifurushi cha 53 mwenyewe, na anaomba kuja ofisini. Nikakubali kwa masharti: yeye barazani na laptopu yake, mimi ndani, waya upite dirishani. Mila.

Akaja saa sita, mtoto mgongoni. Winfrida alikuwa bado anapiga hodi kwangu kuniambia Ikupa ameanza, mara akaambiwa amemaliza. Sikupenda kasi ile. Kazi ya kitaalamu inatakiwa ionekane.

Akaacha chombo kikiwa macho. Kitaandika kila faili linalofunguliwa, saa yake, na jina la aliyelifungua. Safi sana! Prosper amekwisha.

Saa tisa nikafanya utafiti wangu kama kawaida.

Jumamosi, 8 Februari

Lori limefika. Kikao barazani, wakulima wamejaa mpaka kwenye mizani. Prosper amekuja na kishikio kipya cha ufunguo, kinang'aa. Mimi nilikuwa ndani, nikahutubia kutokea dirishani. Nikasema leo adui wa parachichi atatajwa jina mbele ya umati, na asiwepo wa kumwonea huruma. Makofi!

Ikupa akasoma. Jana, saa tisa na dakika nne, video moja imefunguliwa mara kumi na nne. Zote kumi na nne zikaachwa zinacheza, na ndizo zinazoibana mizani ikakosa nafasi.

Mama Esnath akauliza nani kafungua. Ikupa akatazama laptopu yake. Akauliza jina limeandikwa au halikuandikwa. Ikupa akasema limeandikwa, mama. Basi litaje. Ikupa akainamisha kichwa, akasema samahani mama, mimi jina hilo ni mwiko kwangu kulitamka.

Vichwa vyote vikageukia dirishani.

Nimewahi kukutana na chui uso kwa uso, nikamtazama mpaka akaomba radhi. Lile dirisha lilikuwa baya zaidi. Wa kwanza kusimama ni Prosper. Alipiga saluti, akasema, "Shikamoo, Kanali!"

Mpaka dereva wa lori akacheka.

Mama Esnath akauliza ni video ya nini. Ikupa akasita, akasema ni video tu, haina ubaya. Nikapaza sauti kwamba ni mieleka! Mwanamume anachunguza mieleka!

Video zikazimwa, mizani ikafanya kazi, lori likajaa. Ufunguo amepewa Jenifer. Prosper kaondoka na kishikio kitupu! Nahesabu huo ni ushindi wangu.

Jumapili, 9 Februari

Kuanzia leo mimi ni Mshauri Mkuu wa Mitambo. Nimejiteua baada ya ibada. Kanisani wamenipigia saluti watu kumi na mmoja, akiwemo mzee wa kanisa.

Mchana Winfrida ameniletea flashi kutoka jikoni, imefungwa kwenye karatasi. Ujumbe wake: baba abonyeze mara moja tu, halafu asubiri.

Nimeichomeka kwenye kompyuta ya Obed. Nimebonyeza mara moja. Haikufunguka. Mimi ni mtu wa kusubiri? Nimeongeza kumi na tatu. Imeganda. Kesho asubuhi namwambia Mama Esnath kwamba sasa Prosper ananifuata mpaka nyumbani.

Na jambo moja dogo, libaki humu daftarini. Haikuwa mieleka. Ikupa aliliona jina la ile video akalimeza. Ilikuwa "Jifunze Kompyuta, Somo la Kwanza: Namna ya Kushika Kipanya". Hii ya leo imeandikwa Somo la Pili. Wiki ya tatu sasa niko la kwanza, maana kila nikifika katikati, inaganda.