Nyota Tano kwa Friji la Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu kaja na habari mbaya huku anatabasamu. Jumamosi analeta friji jipya, la zamani linaondoka na gari hilohilo. Eti linakula umeme kama mgeni asiyejua kuaga. Nikamwambia hilo ni friji la mama yako, Mungu amrehemu. Akasema, lakini Baba, mama alikuwa akilipiga teke kila siku! Kweli. Kwa kisigino, chini kulia, kila lilipoanza kelele. Pamebonyea mpaka leo. Ndiyo maana haliendi popote.

Akanieleza habari za lebo: nyota nyingi, umeme kidogo. Letu halina hata moja. Nikauliza, na likiwa nazo? Akacheka. Likipata tatu tu, Baba, litabaki.

Nimeyashika maneno hayo.

Jumanne, 5 Machi
Nimelifunika friji blanketi zito ili baridi isitoroke. Mke wangu alinifunika hivyohivyo nilipougua, nikapona. Kufikia adhuhuri lilikuwa linahema. Ubavu wa moto! Maziwa yameganda, na si kwa baridi. Nimelivua blanketi na kuliomba radhi.

Jumatano, 6 Machi
Jirani yangu, fundi cherehani, kajaza nyumba vyombo vipya vya umeme, kila kimoja na nyota tano. Mimi ananiita Mzee wa Makumbusho. Leo kanialika chai ili nivione. Nikasifu sana. Alipotoka kutafuta sukari, nikapitisha ukucha chini ya lebo iliyokuwa karibu. Ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nikaificha ndani ya kofia. Aliporudi akauliza, jirani, mbona jasho? Nikasema ni chai. Chai yenyewe alikuwa bado hajaimimina.

Alhamisi, 7 Machi
Nimebandika! Friji limependeza kama bwana harusi. Miwani sijaiona tangu juzi, lakini nyota ni kubwa, zinahesabika bila miwani. Tano. Nimezidisha mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Binti kaja. Akainama mbele ya lebo, akasoma, akasoma tena. Kisha akaniuliza kwa upole: Baba, friji hili linafua kilo saba za nguo?

Nikasema mama yako alikuwa mtu wa mambo mengi.

Akauliza, na haya maji, lita hamsini kila likifua? Nikasema hilo nami ndiyo kwanza nalisikia. Papo hapo jirani akapiga hodi. Anauliza kama kuna aliyeziona nyota za mashine yake ya kufulia.

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Huko chini akapaona palipobonyea. Akapapapasa kwa kidole. Friji nalo likaanza kelele zake. Akasimama, akalipiga teke palepale, kwa kisigino. Likatulia. Hata jirani alivua kofia.

Jumamosi, 9 Machi
Jipya limeingia. La zamani limebaki! Lakini kwa sharti: ni kabati la vikombe, lisichomekwe kamwe. Nimeapa mbele ya binti na mbele ya jirani, ambaye, tangu nikiri lebo yake ilipita wapi, akija kunywa chai hapa anashika kofia yangu yeye mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi
Jikoni kimya mno. Jipya halisemi neno. Mtu anakunywa chai kama yuko ofisini. Zamani friji likinguruma, nilikuwa najua mke wangu yuko humo jikoni, anapika au ananisema.

Nimefikiri sana. Binti mwenyewe alitamka: likipata tatu, linabaki. Kubaki ni kufanya kazi, vikombe si kazi. Na jipya lina tano! Nimezibandua polepole, nimezihamishia kwa la zamani. Safari hii nilivaa miwani. Imeandikwa wazi kabisa: friji.

Nikatoa vikombe. Nikachomeka. Likanguruma, nikalipiga teke.

Jipya sasa halina nyota hata moja. Binti akija kukagua, litajitetea lenyewe.