Shati la Kwaresima

Jumatatu, 19 Februari 1996
Habari mbaya. Bwana Mayunga, meneja wetu, katuita wafanyakazi wote na kusema mradi wa mpunga unapunguza watu. Masjala ina makarani wawili, mimi na Festo. Atabaki mmoja. Mkurugenzi, Mama Herieth, atakuja Ifakara kutoka Morogoro tarehe 20 Machi kututazama kwa macho yake mwenyewe, kisha ataamua. Bwana Mayunga akaongeza kwamba safari iliyopita mama huyo alilalamika kuwa ofisi inafanana na gulio: kila mtu kavaa lake, rangi zinagombana. Akatuomba tujitahidi zioane.

Wenzangu wamesikia kupunguzwa. Mimi nimesikia rangi!

Festo ana kaunda suti moja, ya kijivu. Huifua Jumamosi na kuivaa Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu wa namna hiyo ataoanisha nini na nini? Nimekula vizuri.

Jumanne, 20 Februari
Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nimetandaza nguo zangu zote kitandani. Mke wangu Emerensiana akauliza kama nahama. Shati la buluu na suruali ya kaki: mwanafunzi. Jeupe na suruali nyeusi: mhudumu wa baa. La kijani na suruali ya kahawia: mti. Nilikwenda kazini nikiwa mti. Viktor, mlinzi wa getini, akanipongeza, akidhani nimepewa cheo kwenye chama.

Jumatano, 21 Februari
Jumatano ya Majivu. Nimepata mwanga!

Padri Stanislaus alitoka sakristia amevaa zambarau. Jumapili alikuwa kijani. Nikakumbuka niliyofundishwa seminarini (mwaka mmoja na miezi minne, kisha wakanirudisha nyumbani kwa sababu ambazo sitaziandika hapa). Kijani ni kipindi cha kawaida. Zambarau, Kwaresima. Nyeupe, sikukuu. Nyekundu, mashahidi. Kanisa limeshapanga kila kitu! Nani amewahi kumwona padri ambaye rangi zake zinagombana?

Kuanzia leo navaa kwa kalenda ya liturujia. Kikwazo ni kimoja. Kwaresima ni siku arobaini na sina hata soksi ya zambarau.

Ijumaa, 23 Februari
Nimepekua mitumba gulio zima. Zambarau hakuna. Nimepata shati la waridi, laini, kola ya mviringo, kwa ajili ya Dominika ya Furaha tarehe 17 Machi, maana siku hiyo padri huvaa waridi. Mtu makini hujiandaa mapema. Vifungo viko upande usio wa kawaida. Nadhani mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Jumamosi, 24 Februari
Emerensiana alikwenda kusali jumuiya. Rangi yake ya ukindu ilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, na ni zambarau! Kila mwanamke wa mtaa huu huchemsha ukindu kwa rangi ile na mikeka inapendeza miaka. Kinachofaa mkeka kitashindwaje kufaa shati? Nikachemsha maji, nikamimina kopo zima, nikazamisha shati langu jeupe. Limetoka zambarau ya kiaskofu.

Emerensiana karudi. Ile rangi ilikuwa ya mkeka wa harusi ya binti wa Margareta, jirani yetu. Alilichukua kopo, akaligeuza chini juu, halikudondosha kitu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mkeka hukaa ndani, Baba Edna, haunyeshewi, na kwamba masika inakuja. Nikamwambia nina mwavuli. Akanikumbusha mwavuli uko wapi. Uko kijiji cha Mbingu, nilikousahau mwaka juzi.

Jumatatu, 26 Februari
Siku ya kwanza ya zambarau. Nimeleta mshtuko! Viktor alivua kofia. Bwana Mayunga alinishika bega akanipa pole, akauliza mazishi ni lini. Kumbe wengi humwona padri na zambarau makaburini tu. Nilijaribu kumweleza habari ya kipindi na rangi, akanijibu kwamba majonzi humfanya mtu aongee sana, nirudi nyumbani nikapumzike.

Sikurudi. Kwa nini nimwachie Festo masjala?

Jumatatu, 18 Machi
Dominika ya Furaha imeangukia Jumapili, kama kawaida yake, na Jumapili ofisi imefungwa. Kanisa halikulifikiria hili. Nimeisogeza hadi leo.

Festo alilitazama shati la waridi kuanzia saa mbili hadi saa nne. Kisha akaniinamia sikioni na kusema ni blauzi. Akanionyesha vifungo. Nikasema Ulaya ndivyo wanavyovaa. Akasema ndiyo, wanawake wa Ulaya. Nilijifunika jalada kifuani hadi saa tisa na nusu.

Lakini hakuwaambia wengine. Tulipokuwa tunafunga madirisha akasema halali vizuri siku hizi. Tangu mkewe afariki anaishi kwa kazi hii tu, na ana miaka arobaini na sita. Nani atamwajiri? Nilimhurumia kweli. Kisha nikakumbuka kwamba nami nina miaka arobaini na minne, na binti yetu Edna yuko darasa la sita.

Jumatano, 20 Machi
Siku ya siku. Ee Mungu wangu.

Nilivaa zambarau, suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Rangi zimeoana! Bwana Mayunga akatupanga mstari nje kumpokea mgeni. Saa tatu, hakuna. Saa tano, hakuna. Gari lilikuwa limekwama kwenye tope Kiberege. Saa saba kasoro likaonekana barabarani, na mvua nayo ikaonekana. Bwana Mayunga akasema mtu asiondoke, itakuwa aibu.

Kwanza nilihisi ubaridi mgongoni. Kisha nikaona miguu yangu. Nilikuwa natiririka! Kaki ikawa zambarau hadi magotini, viatu vikajaa, na mbele yangu kikaanza kijito kidogo kuelekea getini. Festo pembeni alikuwa kijivu kilicholowa, basi.

Mama Herieth akashuka na mwavuli, gauni la rangi ya maziwa. Nikamwamkia. Akanipa mkono! Ningefanya nini? Nikaupokea. Dakika moja baadaye akajifuta maji usoni kwa mkono uleule. Akaingia mkutanoni na mstari wa zambarau kuanzia kipaji cha uso hadi shavuni, kana kwamba kapakwa majivu na padri mwenye haraka. Watu kumi na wawili tukamsikiliza akizungumza juu ya unadhifu. Hakuna aliyethubutu kusema.

Kisha akataka jalada la mipaka ya shamba la Mbingu, la mwaka 1989. Festo akafungua daftari la masjala na kuanza kushuka na kidole, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa nimeshalileta kabla hajageuza ukurasa. Liko rafu ya tatu, nyuma ya mambo ya mbolea, kwa kuwa hapo paa halivuji, na ni mimi niliyelihamishia hapo masika iliyopita. Akaomba mengine manne. Nikayatoa yote bila kuangalia popote. Yote sasa yana vidole vyangu vya zambarau.

Alipotoka alijiona kwenye kioo cha gari. Akageuka, akanitazama, akapanda, akaondoka.

Nimekwisha. Nyumbani nilikaa nyuma ya jiko nikalia. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Emerensiana alichemsha maji, akaleta ndimu na dodoki, akanisugua mgongo muda mrefu. Hakusema kwamba aliniambia. Alisugua tu, na mara moja akaniwekea mkono begani akauacha hapo.

Jumatano, 10 Aprili
Nimebaki! Nimebaki! Nimebaki!

Bwana Mayunga kasoma barua mbele ya wote. Karani wa masjala atakayebaki ni mimi, “kwa kuwa anajua kila jalada lilipo”. Hakuna neno hata moja kuhusu mavazi. Hiyo ni lugha ya ofisi. Wakubwa hawaandiki mambo waziwazi. Mama aliona majalada matano na shati moja. Kati ya hivyo, mtu hurudi nacho Morogoro kipi? Emerensiana kasema ni majalada. Haya mambo ya ofisi hayajui.

Festo alinipa mkono. Alikuwa wa kwanza. 

Jumanne, 23 Aprili
Festo kapata bahati! Kampuni moja ya mbao kule Mlimba inatafuta karani, na wamemwita kwenye usaili Alhamisi. Alipita leo mchana na ile kaunda suti yake, akamwomba Emerensiana amshonee bitana iliyochanika. Alimwita shemeji, akacheka, mara ya kwanza tangu barua ile. Akasema hiyo suti ndiyo nguo yake pekee ya maana, na usaili huu ndio nafasi yake ya mwisho.

Emerensiana kashona bitana, kisha akaenda kwa Margareta kumalizia mkeka.

Nimekaa na ile suti mbele yangu nikiitazama. Kijivu! Kijivu hakimo hata kwenye kalenda! Ndiyo maana maskini alipoteza kazi, na hakuna rafiki aliyemwambia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nikafungua ukurasa wa Alhamisi, tarehe 25. Mtakatifu Marko Mwinjili, shahidi. Nyekundu.

Kopo jipya la Emerensiana lilikuwa juu ya kabati, na safari hii rangi ilikuwa nyekundu hiyohiyo.

Suti imo ndani ya sufuria tangu saa kumi. Inashika vizuri sana. Festo ataipitia kesho asubuhi kabla ya gari la Mlimba. Sijamwambia kitu. Nataka nimwone uso wake.