Neno la Siri la Mashine ya Dada

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Kompyuta imeamka leo ikidhani tuko mwaka 1998. Mteja kachapiwa barua ya kuomba kazi, juu ina tarehe ya kabla hajazaliwa. Nikamwambia aipeleke hivyo hivyo, wataona ana uzoefu. Dada hakucheka.

Duka hili la kuchapa barua ni la Dada. Jumapili anasafiri kwa binti yake aliyejifungua, mwezi mzima, na ufunguo atamwachia mmoja wetu. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja. Au shemeji yetu, mdogo wa mume wake, tunayemwita Kimya. Huyo ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana. Dada kasema atakayeimudu mashine ndiye atakayeshika duka.

Basi fundi kaja. Katoa betri ndogo kama kifungo cha shati, kaweka mpya. Kisha kaiwasha, kabonyeza Delete haraka haraka kabla haijaamka vizuri. Skrini ikawa ya bluu, setingi tupu! Kasema humo ndimo moyoni mwa mashine, tusiguse tusichokijua. Karekebisha tarehe, kaenda zake.

Mimi macho kwenye kidole chake. Delete! Nimeshika. Kimya alikuwa anapangusa vumbi, maskini.

Jumanne, tarehe 5

Dada kaenda benki, Kimya kaenda kununua karatasi. Nikaingia kwenye bluu.

Kuna mahali panauliza mashine ianze kusoma wapi. Diski ya ndani wameiweka ya kwanza, flopi, kile kidiski bapa cha kuchomeka kwa nje, ya mwisho. Uonevu mtupu. Flopi ndiyo iko mlangoni, na mgeni huanzia mlangoni. Nikaipandisha ikawa ya kwanza. Nikahifadhi, nikatoka kifua mbele.

Mashine ikagoma. Mstari mmoja mweupe kwenye skrini nyeusi, basi. Kumbe humo mlangoni kulikuwa na flopi ya majina ya kwaya, mashine imeng'ang'ania kwaya, haiendi mbele. Dada aliporudi nikamwambia umeme wa leo ni mwepesi. Kimya kaingia na karatasi zake, kachomoa flopi, kabonyeza kitufe kimoja. Ikawaka.

Wala hakusema kitu. Hiyo ndiyo dharau! Heri mtu akutukane, ujue umetukanwa.

Jumatano, tarehe 6

Nimelala na wazo, nimeamka nalo. Mle kwenye bluu kuna pa kuweka neno la siri. Ukiliweka, mashine haimfungulii asiyelijua hata kwa salamu. Kimya atabaki na kitambaa chake cha vumbi, na Dada ataona mwenye mashine ni nani.

Wenzangu walipotoka kula, nikaliweka. Jina la mchumba wangu wa zamani. Halafu nikaona huyo anajulikana sana mtaani, nikaweka mwingine. Huyo naye jina refu, mashine haikulimaliza. Nikabadilisha tena. Na tena. Nimeishia kwa nani? Hata wewe daftari sikuandikii. Siri ni siri.

Jioni nikapita kwa kinyozi, nikamwambia yeye peke yake. Binadamu huanguka ghafla, ni vizuri mmoja ajue. Waliokuwa kwenye benchi walisikia pia, lakini walikuwa watano tu, na mmoja alikuwa anasinzia. Muuza magazeti nilimdokezea tu, tena bila herufi ya mwisho.

Alhamisi, tarehe 7

Mwalimu mkuu kaja asubuhi na mapema. Mtihani wa shule yake uko ndani ya mashine, haujachapwa, na watoto wanaanza saa nne. Dada kawasha. Mashine ikadai neno la siri. Dada katuangalia.

Nikawaambia wapishe. Nikakaa, nikavuta kibodi kama mpiga kinanda.

Nikaandika wa kwanza. Akakataa. Wa pili akakataa. Wa tatu akakataa, na mashine ikaganda kabisa. Hao wote waliwahi kunikataa, lakini si asubuhi moja!

Nikamwambia mwalimu mashine inapata joto, nikatoka mbio kwa kinyozi. Mlango una kufuli. Narudi nahema, nakuta karatasi za mtihani zinatoka moja moja, na Kimya kwenye kiti changu. Dada anamuuliza neno kalipata wapi.

“Nilinyolewa jana, shemeji.”

Ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote za wiki hii. Mwalimu mkuu kacheka mpaka kashika meza. Kasema hata yeye alilisikia, kwa muuza magazeti, ila lilipungua herufi moja.

Mchana hilo jina likafika nyumbani. Mama watoto kaniuliza kwa upole, huyo ni nani? Nikamwambia ni jina la kifaa cha ndani ya kompyuta. Chakula kililetwa. Kijiko hakikuletwa.

Jumamosi, tarehe 9

Ufunguo kapewa Kimya. Mimi Dada kaniwekea kiti nje, mlangoni, nikaribishe wateja.

“Mdogo wangu, mdomo wako ufanyie kazi huko huko nje,” kaniambia.

Cheo hicho! Kimya hana hata stuli ya nje. Dada kaongeza kwamba Kimya ataweka neno jipya, alijue yeye tu, na likisikika tena mtaani, hicho kiti nikirudishe ndani na mimi nisirudi.

Jumapili, tarehe 10

Dada tumemsindikiza, kaondoka. Kimya kafungua duka dakika kumi aweke neno lake. Kakinga kibodi kwa mkono. Mimi nikampelekea maji ya kunywa, baridi, kwa heshima zote. Mtu akinywa maji mkono mmoja unakuwa kazini. Nimeviona vidole vyote. Herufi sita! Ninalo.

Ila nimejifunza, jamani. Mambo ya kinyozi basi tena. Muuza magazeti naye basi. Mtu wa kumpa siri unampima kwanza.

Nimempima fundi viatu wa pale kwenye kona, nimempa. Yule kutwa nzima ana misumari mdomoni. Atasemea wapi?