Babu Mdogo wa Kuazima

Jumanne, 21 Mei
Nimepata njia! Jumatatu ni gwaride la kuwakumbuka wanajeshi marehemu, na gari la wazi la mbele hupandwa na ndugu wa anayeenziwa. Miaka yote ni Verna Stoltz, anapunga mkono kama malkia. Leo makaburini nimeona jiwe: Orville Haskett, Jeshi la Majini, 1922–1988. Mimi pia Haskett! Undugu haujulikani, lakini marehemu hakatai mjukuu. Chini limechongwa jina la mkewe, Lorraine, 1926, mwaka wa kufa haupo. Fundi kasahau. Mafundi ndivyo walivyo.

Alhamisi, 23 Mei
Maktaba kutwa. Sensa: baba yake muuza maziwa. Kadi ya kuandikishwa jeshini: macho ya buluu, kovu kidevuni. Melini: mpishi. Mpishi tu? Nimempandisha cheo, mpiga mizinga. Verna akachungulia, akauliza huyo ni nani wangu. Nikasema babu mdogo, damu moja. Akasema ajabu, sijawahi kumtaja. Nikajibu uchungu ulinizidi.

Jumamosi, 25 Mei
Kamati ya gwaride imekubali! Niliwasimulia kovu lilivyotokana na kombora la adui. Mwenyekiti alilia. Nami nililia, maana nilisimulia vizuri. Verna alinuna, akatoka nje kupiga simu. Namwonea huruma. Kidogo.

Jumatatu, 27 Mei
Nafika, garini kakaa bibi mwenye kofia nyekundu, bakuli la saladi ya viazi mapajani. Verna kasimama kando, anatabasamu. Lorraine! Mzima kabisa. Alisema walichonga majina yote mawili Orville alipokufa, ndiyo desturi. "Nafasi yangu ipo pale, sina haraka nayo."

Akauliza mimi mjukuu wa nani. Nikakohoa. Akasema kovu lile ni teke la mbuzi wa kwao, na vita nzima Orville alimenya viazi. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akacheka mpaka kofia ikamwangukia usoni.

"Panda, mwanangu, unishikie bakuli. Tangu nimzike, hakuna mwingine aliyehangaika kumtafuta."

Nikapanda. Verna akaenda kwa miguu. Saladi tamu mno. Nina furaha, sifichi.

Jumanne, 28 Mei
Nimepita makaburini kumshukuru Babu Mdogo. Safu ya pili, Haskett mwingine, tena nahodha! Chini yake mkewe, Opal, 1931, mwaka wa kufa haupo. Huyu sasa ni fundi kasahau, hakuna ubishi. Mwakani Verna atanikoma.