Kiti cha Mchwa

Kila kiumbe kimejaliwa silaha yake: nyuki mwiba, kobe gamba. Tapeli wetu alijaliwa mdomo, na mtaa mzima ulimwita Ulimi, kwa kuwa wengi walikwisha kulizwa nao.

Siku hiyo alikuwa akipita mtaa wa mbali asikojulikana, mbele ya duka dogo la vitabu alipoona bango: LEO MCHWA ANASAINI KITABU CHAKE. Ndani, foleni ilizunguka rafu. Mbele ya foleni palikuwa na meza, kalamu na kiti kitupu. Kando ya kiti, laptop mpya ndani ya boksi lenye utepe.

"Mchwa ndiye nani?" alimwuliza mzee wa mwisho kwenye foleni.

"Hujui? Aliyetunga ile programu ya kuendesha maduka, na sasa kaiandikia kitabu. Programu huria, bwana! Ya bure, na ruksa kuichungulia mpaka matumbo."

"Yukoje?"

"Nani amjue? Tunamjua kwa jina la mtandaoni tu. Leo ndiyo anajitokeza mara ya kwanza. Ile laptop tumemchangia."

Wapo wanaosikia wito wao wakiwa katika sala. Ulimi aliusikia ukitoka ndani ya boksi. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akakohoa kisomi, akaingia.

"Mniwie radhi. Nilikuwa nikitafakari."

"Karibu, Mchwa!" Mwenye duka nusura ampigie magoti. Yule mzee wa mwisho akajipiga kofi pajani: kumbe alikuwa akipimwa!

Ulimi akaketi, akaanza kusaini. Saini zake zilikuwa na mikia mirefu kuliko ya farasi.

"Mwanangu," alisema mama muuza vipuri, "programu yako inakataa kutoa risiti."

Ulimi akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Mama, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Wala!"

Foleni ikaguna kwa mshangao. Kweli elimu ni bahari.

Ndipo akafika dada mmoja mwenye kandambili na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Kaka, swali moja tu. Utaitunza programu hii mwenyewe? Kila ikiharibika, kila mtu akilia?"

"Mpaka kaburini, dada yangu!"

"Unaapa mbele ya hawa wote?"

Ulimi alitupa jicho kwenye boksi. "Naapa!"

Makofi yakatikisa rafu. Mwenye duka akampakatisha laptop yake kama mtoto mchanga.

Dada akainama, akanong'ona. "Ahsante. Mchwa ni mimi. Nimepanga foleni hii nikitafuta ujasiri wa kuwaambia nimechoka. Kwetu sisi wa programu huria hakuna kuutupa mzigo njiani. Lazima apatikane wa kuupokea hadharani. Nawe umeupokea."

Tabasamu la Ulimi likakauka. "Dada, chukua kompyuta yako, yaishe."

"Ya nini? Mwenye kazi ni wewe. Mimi naenda kulala."

Akatoka, mwepesi kama aliyetua gunia la mawe.

Ulimi akainuka na boksi kwapani. "Jamani, naomba niwahi mahali..."

Awahi wapi? Mtu aliyenunua kitu hulalamika siku moja akanyamaza. Aliyepewa bure hulalamika mpaka uzeeni. Wakamzunguka.

"Bosi, programu inasema stoo nina magodoro saba chini ya sifuri!"

"Yangu imepandisha bei ya sabuni ikashinda ya friji!"

"Miaka minne nakuandikia, hujibu! Una dharau wewe!"

Mwenye duka, kwa ukarimu tu, akafungua boksi, akachomeka waya, akaleta chai.

"Mimi si Mchwa!" Ulimi alipiga yowe. Ukweli ulikuwa haujawahi kupita katika kinywa kile, ukatoka ukijikwaa. "Mimi ni tapeli! Niitieni polisi!"

Duka zima likaangua kicheko.

"Tazama unyenyekevu wa wasomi!" alisema mwenye duka, akipangusa machozi.

Yule wa magodoro hakucheka. Alimshika Ulimi mabega, akamkalisha taratibu.

"Uwe tapeli, uwe malaika, shauri yako, kaka. Umeapa, tumesikia. Anza na magodoro yangu."