Feni Iliyozimwa

Mkurugenzi alisimama mbele ya watumishi wake akatangaza mwisho wa unyonyaji. Kuanzia siku hiyo hakuna simu, taa wala feni itakayonyonya umeme wa Idara kupitia matundu ya USB. Kompyuta zote zilitumia mfumo wa Linux, na amri moja tu ingezima kila tundu, isipokuwa la kibodi na kipanya.

Fundi akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikaandika: IMEZIMWA. Makofi yakapigwa.

Kasoro ilikuwa kwa mpigachapa. Chumba chake hakikuwa na dirisha, na mimba yake ilikuwa imefika pale mtu anapohema hata akikaa. Kifeni chake cha USB kikaendelea kuzunguka.

"Mzee, mashine zenyewe za bei chee," fundi alinong'ona. "Ukiamuru, tundu linaitikia ndiyo, linakata taarifa tu, halafu umeme unapita kama kawaida. Halina swichi ndani."

"Kioo kinasemaje?"

"Imezimwa."

"Basi imezimwa. Idara haiongozwi kwa macho."

Waraka ukatoka: macho yakipingana na kompyuta, kompyuta ndiyo yenye haki. Kwa hiyo feni ilikuwa imezimwa, na mpigachapa alikuwa akiizungusha kwa kiburi. Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, afukuzwe kazi, na feni ikachomekwa kwenye kompyuta ya kamati iwe kielelezo.

"Bibie, unaizungushaje?" Mkurugenzi aliuliza.

"Inazunguka yenyewe, bosi. Weka mkono uone upepo."

"Upepo usio na kibali hatuuhisi." Jasho lilimtiririka Mkurugenzi shingoni. Akasogeza kiti karibu na kielelezo.

Katibu wa kamati, mtu wa kufuata waraka mpaka nukta, akafungua mahudhurio. Watumishi wadogo huandikwa kwa kalamu. Mkurugenzi peke yake huweka kidole kwenye kisomeo cha alama za vidole, kilichochomekwa kwenye tundu la USB.

"Samahani, mzee. Hujafika."

"Nimeweka kidole asubuhi, kikalia!"

"Kimelia kikiwa kimezimwa. Kompyuta inasema hujaonekana kazini tangu siku ya tangazo. Na kanuni yako mwenyewe inasema mtoro wa namna hiyo amejiachisha kazi."

"We mwehu? Si unaniona?"

"Nakuona vizuri sana, mzee. Lakini macho yangu yana cheo gani?"

Wajumbe wakatazama meza. Hakuna aliyethubutu kumwona. Mlinzi akaja, akamshika kiwiko kwa heshima zote, akamtoa nje mtu ambaye hakuwepo.

Barua ya kumwachisha kazi ilitakiwa haraka. Mpigachapa akageuza feni imwelekee, akavuta kibodi.

"Jina lake," alimuuliza katibu, "niliandike kwa herufi kubwa au ndogo?"